Sura ya Nne: Duka la Bangi Lisilokuwepo

Jumatatu asubuhi Bibi Okka Rewerts aliingia kituo cha polisi cha Leer, mji wa kaskazini mwa Ujerumani, na begi la safari, akalipandisha juu ya kaunta kwa mikono miwili, akamsalimu sajini wa zamu kwa salamu ya kwao:

"Moin. Nimekuja kufungwa."

Sajini Menno Dirksen alikuwa na keki ya plamu mdomoni. Akaimeza kwanza. "Kufungwa kwa kosa gani, mama?"

"Dawa za kulevya. Mambo ya kimataifa." Bibi Okka alipigapiga begi lake. "Nimeleta gauni la kulalia na mswaki. Soksi za sufu pia, maana nasikia mle ndani kuna baridi."

Menno akageuka kumtazama Inspekta Theda Ukena, mkuu wa dawati la utapeli, ambaye alikuwa anapita na faili kwapani. Theda alisimama. Mbele yake alimwona mwanamke wa miaka sabini na kitu, koti la mvua la njano, nywele nyeupe zimebanwa vizuri, ameegemea kaunta kwa kiwiko kimoja kama mtu anayepumzisha mgongo. Hakufanana na mtu wa kimataifa.

"Karibu ofisini kwangu, mama. Begi tutalibeba sisi."

"Hamnifungi pingu?"

"Zimepelekwa kufuliwa," alisema Menno, akalinyanyua begi.

Ofisini Bibi Okka alikataa kiti laini akachagua cha mbao. Alieleza mambo yake kwa utaratibu. Alikuwa mpishi wa meli ya kivuko miaka mingi, na masufuria ya meli ndiyo yaliyommaliza mgongo. Daktari wake alijaribu vidonge vya kila rangi, mwishowe akamwandikia maua ya bangi, nayo yakamsaidia. Famasi ya mjini ilikuwa ikimwagizia. Kisha siku moja wakamwambia mzigo umechelewa, avumilie kidogo.

"Mgongo huu hauvumilii," alisema. "Nikashika simu. Nikapata duka."

"Linaitwaje?"

"Famasi ya Tulipu Nyeupe. Amsterdam. Tovuti safi, mwanangu, inang'aa kama sahani ya harusi. Kuna na picha ya mfamasia mkuu, Dakta Terlinden, mwenye miwani. Nikawatumia cheti cha daktari, wakajibu papo hapo."

"Ukalipaje?"

"Benki. Walisema mashine ya kadi mbovu, lakini ukihamisha pesa moja kwa moja wanakupunguzia."

Theda aliandika. "Halafu?"

"Wakasema mzigo uko tayari, ila kuna bima. Nikalipa bima. Wakasema umefika mpakani, kuna ushuru. Nikalipa ushuru. Wakasema mbwa wa forodha ameunusa, kuna faini."

"Mbwa?"

"Mbwa. Hapo nikagoma. Nikawaambia, kama ni mbwa aliyenusa, basi mbwa alipe."

Menno alikohoa kwa nguvu pale mlangoni. Lakini Bibi Okka hakucheka. Alitoa simu kwenye mkoba akaisukuma mezani. Ujumbe ulikuwa na nembo ya tai na maneno makubwa: Kitengo cha Kimataifa cha Dawa za Kulevya. Alipe faini kabla ya Ijumaa, la sivyo atakamatwa.

"Halafu mwanamume akapiga," alisema polepole. "Sauti kama ya mtu aliyefungiwa ndani ya pipa. Akasema watakuja kunichukua kwenye mazoezi ya kwaya, mbele ya watu wote. Tangu hapo sijalala. Nikawaza, kuliko nitolewe mbele ya wenzangu kama mwizi, afadhali nije mwenyewe."

Theda aliweka kalamu chini. "Una cheti cha daktari?"

"Ninacho."

"Basi huna kosa lolote. Wewe ndiye uliyekosewa. Hakuna polisi popote duniani anayedai faini kwa ujumbe wa simu."

"Sifungwi?"

"Hufungwi."

Macho ya Bibi Okka yalilowa. Kisha akapiga paja lake. "Ah! Na nimeshampa jirani jibini langu lote!"

Sasa walicheka wote watatu, na ofisi ikachangamka kidogo. Theda alisubiri kicheko kiishe, akauliza swali alilokuwa amelishikilia.

"Hao watu wa duka. Uliwahi kuwaambia kwamba unaimba kwaya?"

Bibi Okka alifikiri. "La. Niwaambie kwa nini? Nilikuwa nanunua dawa, siombi nafasi ya kuimba."

Theda aliandika neno *kwaya*, akalizungushia duara.

*

Mchana walilichambua lile duka. Theda aliketi mbele ya kompyuta, Menno akashika simu.

Chini ya ukurasa kulikuwa na nembo ya kijani, ile ambayo kila famasi ya mtandaoni yenye kibali huwa nayo. Theda akaibonyeza. Nembo halisi ikibonyezwa hukupeleka kwenye daftari la serikali, ukaliona jina la famasi limeandikwa pale. Hii haikumpeleka popote. Ilikuwa picha tu, imebandikwa kama stika. Juu paliandikwa *Tunakuhudumia tangu 1987*, lakini jina la tovuti lilikuwa limesajiliwa majira ya kuchipua yaliyopita, miezi michache tu nyuma. Sifa za wateja zilikuwa nyingi na zote tamu, na nusu yake ziliandikwa siku moja.

Menno alikata simu huku mabega yakimtikisika kwa kicheko.

"Nimepata anwani yao ya Amsterdam. Ni duka la samaki wa mapambo. Mwenye duka amechoka. Anasema kila wiki anakuja mgonjwa na cheti mkononi. Ameweka bango mlangoni: *Hapa ni samaki tu*."

"Na Dakta Terlinden?"

"Hajawahi kumsikia. Lakini anasema akitokea, ana kesi naye."

Theda alifungua picha ambayo duka lilimtumia Bibi Okka kumthibitishia kwamba mzigo upo. Boksi la kahawia, jina lake juu, limewekwa kwenye meza ya mbao. Kwenye pembe ya kushoto kilionekana kitu kidogo cheupe. Theda akakikuza.

"Unaona nini, Menno?"

"Kikombe cha chai. Cha ua jekundu. Shangazi yangu anavyo kabati zima."

"Kina chai?"

"Kitupu. Kijiko kimesimama ndani."

"Mtu wa Amsterdam akimaliza chai, kijiko anakiweka wapi?"

"Kwenye kisosi, kama watu wengine wote."

"Na hapa kwetu?"

Menno alifungua mdomo, akaufunga. Hapa kwao hata mtoto wa chekechea anajua: usipotia kijiko ndani ya kikombe, mwenyeji ataendelea kukumiminia mpaka uombe msamaha.

"Tapeli wetu ni mtu wa hapahapa," alisema Theda. "Na alipopiga hii picha, alikuwa ameshatosheka na chai."

"Na anajua habari za kwaya."

"Anajua. Bi. Rewerts alilisikia wapi jina la duka hili mara ya kwanza?"

Menno alitazama maelezo ya Bibi Okka. "Anasema mwimbaji mwenzake ndiye aliyemtumia. Fokko Barghoorn, nahodha mstaafu. Alimwambia ile dawa imemfanya mtu mpya."

*

Fokko Barghoorn aliishi kando ya mfereji. Nje kwake kulikuwa na boti kuukuu yenye injini mpya kabisa, na Menno aliitazama ile injini kwa muda mrefu kabla ya kubonyeza kengele. Mzee aliwapokea na kinanda cha kodiani kifuani. Alikuwa katikati ya mazoezi.

"Bwana Barghoorn," alisema Theda, "unaifahamu Famasi ya Tulipu Nyeupe?"

"Mimi sijui tulipu wala waridi."

"Wewe ndiye uliyemtumia Bi. Rewerts anwani yake."

Mikono ya mzee ilibana ghafla, na kodiani ikatoa mlio mrefu kama wa mbuzi aliyekanyagwa. Alijaribu kuizima, ikalia tena.

"Ivue tu, mzee," alisema Menno. "Hata yenyewe imeshakiri."

Fokko akaivua, akajikalisha kwenye sofa. Aliongea akitazama zulia. Ni kweli alinunua. Magoti yake yalikuwa yanamsumbua, cheti cha daktari alikuwa nacho, na duka lilimletea mzigo bila matatizo. Tena waliahidi kumpunguzia bei kwa kila mtu atakayemleta. Akawatumia wenzake anwani, wawili watatu, au zaidi kidogo. Hakuna aliyemwambia chochote baadaye, naye akadhani wote wamepona.

"Mzigo ulifika?" Theda alishangaa. "Kweli ulifika?"

Mzee aliinuka akaleta kopo la chai. Menno akalifungua, akatia pua ndani, akaitoa, akaitia tena.

"Hizi ni hopsi, mzee."

"Hopsi?"

"Maua wanayotia kwenye bia. Umekuwa unavuta bia?"

"Sivuti mimi! Nachemsha. Kikombe kimoja kabla ya kulala."

"Na magoti?"

Fokko alifikiri kwa uaminifu. "Magoti yanauma vilevile. Lakini usingizi, kijana wangu! Nalala kama gogo. Ndiyo maana nikawasifia."

Menno ilibidi atoke nje kukagua boti. Theda alibaki na uso wake wa kazi.

"Injini mpya umeipata wapi?"

"Mwanangu kaninunulia. Mpigie umuulize."

"Nitampigia. Na wewe hilo duka ulilijulia wapi?"

"Lilikuja lenyewe kwenye simu. Ile wiki niliyoanza kozi."

"Kozi gani?"

"Kozi ya wazee, ukumbi wa mtaa. *Mtandao Bila Hofu*. Mwalimu Siebels, Volkert Siebels. Kijana mzuri sana, anajitolea bure. Katutengenezea simu zetu wote. Anatujua kwa majina, anajua nani ana presha, nani ana mgongo. Okka naye anasoma pale."

Njiani kurudi, Menno aliendesha akiwa bado anafuta machozi. "Huyu mzee hana hatia, Inspekta. Tapeli gani anakunywa mzigo wake mwenyewe?"

"Hatujui kama anaunywa. Ametuonyesha kopo tu," alisema Theda. "Mbele yetu kuna watu wawili. Wote ni wa hapa, wote wanakunywa chai, wote wanajua Bibi Okka anaimba. Mmoja aligawa anwani, mwingine alishika simu za watu. Nikimhoji Siebels leo, kesho pesa zitakuwa zimehama. Mwendesha mashtaka hataniandikia barua ya benki kwa sababu ya kijiko."

"Sasa?"

"Sasa tutadanganya kidogo."

*

Bibi Okka alisikiliza mpango huo akiwa jikoni kwake Jumanne asubuhi. Sura yake ilianza kuwaka kama ya mtoto aliyeonyeshwa zawadi.

"Niseme uongo? Kwa idhini ya serikali?"

"Uongo mara mbili tu. Bwana Barghoorn umwambie umeshinda safari ya meli ya kwenda Norwe. Mwalimu Siebels umwambie dada yako amefariki na kukuachia nyumba kisiwani Borkum. Kila mmoja peke yake, na umwambie ni siri. Mtu mwingine yeyote usimwambie kitu. Halafu utamwandikia yule wa dukani kwamba umeogopa, uko tayari kulipa, ila huna uhakika kama pesa zitatosha."

"Dada sina."

"Ndiyo vizuri zaidi. Hakuna wa kumkasirisha."

"Norwe nimekwenda mara nyingi. Chakula cha meli kibaya, nilikuwa nakipika mimi." Akacheka mwenyewe, akashika mgongo. Theda alikuwa amekwisha kuzungumza na famasi ya mjini, na mfamasia amepata maua ya kutosha kwenye tawi la jirani. Dawa ililetwa saa za mchana, ya kweli, yenye lebo na jina la daktari. Jioni Bibi Okka alisimama wima kwa mara ya kwanza tangu mambo haya yaanze, akavaa koti la njano, akaenda kudanganya.

Ripoti yake kwa simu ilikuwa fupi. Fokko alimkumbatia kwa furaha akamwomba amletee samaki wakavu. Mwalimu Siebels alimpa pole, akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akamuuliza kama nyumba yenyewe inatazama bahari.

Jumatano mchana walikuwa tena jikoni kwake: Theda, Menno, na mashine ya kurekodia ambayo mwendesha mashtaka aliiridhia. Mvua ilikuwa inapiga dirishani. Simu ilipoita, Bibi Okka alijifuta mikono kwenye aproni, akavuta pumzi kama mtu anayepanda jukwaani.

"Haloo?" Sauti yake ilitetemeka vizuri mno.

"Bi. Rewerts," ilisema ile sauti ya ndani ya pipa. "Nimepata ujumbe wako. Umefanya jambo la busara."

"Naogopa, bwana. Sitaki kufungwa. Ila pesa ndizo tatizo. Mimi ni mstaafu, nimebaki na paka tu."

Theda aliinua kidole: asizidishe. Bibi Okka hakumtazama.

"Paka mwenyewe mgonjwa," aliongeza.

"Bi. Rewerts, tusidanganyane. Faini ni ndogo. Mtu aliyeachiwa nyumba kisiwani hawezi kusema hana kitu. Nenda benki, watakukopesha kwa dhamana ya ile nyumba leoleo."

Menno alijifunika mdomo kwa kiganja. Theda aliinamia daftari lake akaandika neno moja, *Borkum*, akalipigia mistari miwili chini.

"Nyumba?" Bibi Okka alisema. "Ndiyo... ile nyumba. Una habari zote wewe."

"Kitengo chetu kina habari zote. Mpaka kesho saa sita mchana."

"Kesho, bwana. Ahsante, bwana. Mungu akulipe." Akakata simu.

Menno alirusha mikono juu bila sauti. Lakini Bibi Okka alikuwa ameketi, akiitazama ile simu kama kitu kilichokufa.

"Siku moja mgongo ulinikaba pale darasani," alisema. "Nikashindwa kuinama. Akapiga magoti yule kijana akanifunga kamba za viatu. Zote mbili. Nikasema, mama yake amelea."

Theda alivuta kiti karibu naye.

"Kesho kuna darasa," Bibi Okka alisema. "Saa nne."

"Najua."

"Nitaketi mbele."

*

Alhamisi asubuhi barua ya mwendesha mashtaka ilifika benki kabla hawajafungua milango, na kabla ya saa nne akaunti ya Tulipu Nyeupe ilikuwa imefungwa. Ilikuwa ya kampuni iliyokuwepo kwenye karatasi tu. Pesa nyingi zilikuwa bado mle ndani. Menno alipolisikia hilo kwenye simu, alimbusu Theda kwenye paji la uso, kisha akaomba radhi kwa barua pepe.

Ukumbi wa mtaa ulikuwa umejaa. Wanafunzi wote wa *Mtandao Bila Hofu* walikuwa wazee, na karibu wote waliimba kwaya moja. Walikuwa wamepanga simu zao mezani kama vyombo vya kulia. Theda na Menno waliketi nyuma kabisa na makoti ya mvua, kama watu waliokuja kujiandikisha.

Volkert Siebels alikuwa mwanamume mwembamba mwenye sweta ya bluu na tabasamu la kukufanya umpe funguo za nyumba. Kwenye ukuta aliwasha picha kubwa: *Utalijuaje Duka la Uongo?*

Menno aliinamia sikio la Theda. "Huyu anatutania."

"Shh. Anafundisha vizuri."

Ni kweli alifundisha vizuri. Aliuliza, wakajibu. Mzee mmoja alisema duka la uongo hukataa kadi, linataka uhamishe pesa benki. Vizuri, alisema mwalimu. Mama mwenye kofia alisema ukishalipa linazua malipo mengine, leo bima, kesho ushuru. Vizuri sana. Fokko Barghoorn, mwekundu kama kamba aliyechemshwa, alisema kwa sauti ya chini kwamba lile la kweli nembo yake hubonyezeka ikakupeleka serikalini, na duka la dawa likikuuzia bila kukudai cheti, ulikimbie.

"Hongera, Bwana Barghoorn! Kuna mwingine?"

Bibi Okka aliinua mkono. Hakusubiri kuitwa. Alisimama wima, koti la njano limefungwa vifungo vyote.

"Mimi nina swali, mwalimu. Je, duka likijua jambo ambalo nimemwambia mtu mmoja tu hapa duniani?"

Tabasamu lilibaki mahali pake. "Kwa mfano?"

"Kwa mfano nyumba ya Borkum. Ya dada yangu."

"Bi. Rewerts, pengine uliwahi kumtajia..."

"Sina dada, mwalimu. Sijawahi kuwa naye. Ile nyumba niliijenga Jumanne jioni, kichwani mwangu, nikakuonyesha wewe peke yako."

Volkert Siebels aligeukia ukuta kama mtu anayetafuta ukurasa unaofuata. Nyuma, Theda alikuwa ameshatoa simu yake. Alitafuta namba ya huduma kwa wateja ya Famasi ya Tulipu Nyeupe, Amsterdam, akabonyeza.

Sekunde chache hakukuwa na kitu. Kisha mkoba wa ngozi chini ya meza ya mwalimu ukaanza kulia.

Ulilia kwa sauti ya furaha, wimbo mdogo wa kengele. Mwalimu mwenyewe aliutazama ule mkoba kana kwamba si wake.

"Pokea, mwalimu," alisema Fokko. "Huenda ni mteja."

Theda alikuwa ameshafika mbele. "Bwana Siebels, mimi ni Inspekta Ukena. Uko chini ya ulinzi kwa utapeli na vitisho. Mkoba usiuguse, atauchukua sajini."

Ndani ya mkoba kulikuwa na simu mbili, na katika moja kulikuwa na programu ya kubadilisha sauti. Menno aliiwasha, akaitamkia, na ukumbi mzima ukamsikia akisema kutoka ndani ya pipa: "Mbwa ameunusa." Bibi Okka alipiga kelele ya kicheko. Wengine walicheka pia, ila kwa namna ya ajabu, kicheko cha watu wanaotazamana pembeni.

Siebels hakupigana wala kukimbia. Alipokuwa anapitishwa kati ya viti, alisimama mbele ya Bibi Okka.

"Kila kitu nilichowafundisha kilikuwa kweli," alisema.

"Ndiyo," alijibu Bibi Okka. "Na ulinifunga viatu. Nenda, baba. Usiwacheleweshe watu."

Askari waliokuwa wakisubiri nje walimchukua. Mlango ulipofungwa, Theda aliwageukia wanafunzi. Alijua wahanga wawili. Kwa jinsi akaunti ilivyonona, lazima walikuwepo wengine.

"Kuna mtu mwingine hapa ambaye Tulipu Nyeupe ilimfikia?" aliuliza. "Hakuna wa kumcheka. Pesa zimezuiwa benki, na zitarudi kwa wenyewe mkiandikisha maelezo."

Simu moja ikatetemeka mezani, ikaachwa.

"Jamani," alisema Bibi Okka, "mimi nilikwenda kituoni na begi nikaomba kufungwa. Nilibeba na soksi. Nani atanizidi?"

Mama mwenye kofia aliinua mkono hadi usawa wa bega. Kisha mzee wa kadi na benki. Kisha mwingine, na mwingine, mpaka viti vya katikati vikawa kama bustani iliyoota mikono. Kila aliyeinua aligeuka kutazama nyuma, akaona hayuko peke yake, akavuta pumzi ndefu. Mtu akasema, "Mimi mbwa wangu walikuwa wawili!" na vicheko vikaanza upya, safari hii vya tumboni.

Mstari wa tatu waliketi Eilert Poppinga na mkewe Swantje, bega kwa bega kama walivyokaa miaka yote ya ndoa yao. Eilert aliinua mkono wa kulia akiangalia dari. Swantje aliinua wa kushoto akiangalia sakafu. Wakageuka kwa wakati mmoja.

"Hata wewe?" alisema mume.

"Hata *wewe*?"

"Swantje, uliniambia zile pesa ni za daktari wa meno!"

"Na wewe uliniambia ni za matairi! Nikakupa na za kwangu uongezee!"

Walitazamana. Swantje ndiye aliyeanza, kwanza puani, kisha kwa mwili mzima, akamshika mumewe kola ili asianguke, naye Eilert akaegemea kichwa chake begani kwake, analia na kucheka na kusema matairi, matairi. Ukumbi wote ulikwenda nao.

Theda alivuta kiti cha mwalimu, akaketi, akafungua kalamu.

"Haya," alisema. "Nani anaanza?"

Walianza wote kwa pamoja.